Kilichopandwa kwa Picha Haking'olewi kwa Fimbo

Ifakara ni mji wa mpunga na baiskeli. Mtu ashukaye katika gari moshi la TAZARA hukutana na vyote viwili kabla hajafika sokoni: magunia ya mchele yamepangwa mbele ya mashine za kukoboa, na baiskeli zapita huku na huku zimebeba kila kitu, tangu mkungu wa ndizi mpaka mgonjwa aendaye hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mwandishi wa maneno haya alikwenda huko karibuni kwa shughuli za ukoo, akapita kumjulia hali mpwa wake, ambaye ni msusi na hufanya kazi yake juu ya mkeka chini ya mwembe. Alimkuta amebadilika. Uso na shingo vimekuwa vyeupe, lakini fundo za vidole vyake, vile vidole hodari vinavyomlisha yeye na mama yake, zimebaki na weusi ule ule aliozaliwa nao. Ulikuwa ni mkorogo.

Nakiri kosa langu. Baada ya kuitikia shikamoo yake sikumwuliza hata habari za afya. Nilianza kugomba mbele ya wateja wake, kama polisi aliyemkamata mwizi. Nilimwambia kwamba amewatukana wazee wake, amelitukana taifa, na ameidharau rangi ambayo watu waliteseka ili iheshimiwe. Binti aliendelea kusuka mpaka nilipochoka, kisha akasema kwa adabu, bila kuinua macho: "Mjomba, yote uliyosema ni kweli. Lakini yule aliyenifundisha kwamba mweupe ndiye mzuri, mbona yeye humgombezi?"

Niliondoka Ifakara sina jibu. Swali lile nalileta leo mbele ya wanachama na wafanyakazi wenzangu, kwa sababu nimeona kwamba yuko mwanamke mmoja wa Afrika ya Mashariki aliyekwisha kulishughulikia kwa akili na kwa kazi ya mikono. Huyo ni Ndugu Ng'endo Mukii wa Kenya, mwongozaji wa senema za katuni, mmoja wa wanawake waliotangulia kuifungua njia hiyo katika nchi zetu.

Ndugu Mukii alisomea kazi yake Marekani, katika chuo cha sanaa cha Rhode Island, kisha London katika chuo cha Royal College of Art, ambako alimaliza mwaka 2012. Kazi aliyoitoa mwaka huo ni senema fupi, kiasi cha dakika 7, iitwayo Yellow Fever, yaani Homa ya Manjano. Mwaka 2013 senema hiyo ilipata tuzo ya Silver Hugo katika tamasha la senema la Chicago. Habari zake ni hizo hizo za mpwa wangu: wanawake wa Kiafrika wanaojichubua ngozi, na sababu zinazowafanya wajichubue.

Yafaa msomaji ajue kwanza kazi hii ni ya namna gani, maana wako wanaodhani kwamba katuni ni mchezo wa kuwanyamazisha watoto. Senema hupitisha mbele ya macho picha 24 kwa kila sekunde moja. Mchoraji akitumia mchoro mmoja kwa kila picha mbili, ambavyo ndivyo wengi wafanyavyo, bado dakika moja tu humdai michoro 720. Mkono mmoja ukiinuliwa, lazima uchorwe ukiwa chini, ukiwa umeinuka kidogo, ukiwa umeinuka zaidi, na kuendelea, mpaka ufike juu. Wakulima wa bonde la Kilombero wataelewa upesi kuliko watu wa ofisini. Ni kama kupandikiza miche ya mpunga: mgongo umeinama, mche baada ya mche, na anayepita barabarani huona shamba la kijani tu, asijue hesabu ya miche wala maumivu ya kiuno.

Wala si kazi ambayo wanawake wameikaribia jana. Senema ndefu ya katuni iliyo ya kale kuliko zote zilizosalia duniani ilitengenezwa na mwanamke, Bibi Lotte Reiniger wa Ujerumani. Alikata watu na wanyama wa karatasi nyeusi kwa mkasi, akawapanga juu ya kioo chenye taa chini yake, akawasogeza kidogo kidogo na kuwapiga picha moja moja. Kazi ilimchukua tangu 1923 hadi 1926, na hadithi aliyoitumia ni ya Mwana wa Mfalme Ahmed, kutoka katika Alfu Lela Ulela, visa vinavyojulikana sana na wasomaji wa Kiswahili. Hiyo ilikuwa miaka 11 kabla ya kampuni ya Walt Disney kutoa senema yake ndefu ya kwanza mwaka 1937. Twalitaja jambo hili ili asitokee mtu kusema kwamba binti wa Kiafrika ashikapo kazi hii ameshika kazi ya wanaume.

Sasa turudi kwa Homa ya Manjano. Katika senema ile Ndugu Mukii amechanganya michoro na picha za watu halisi, miili yao ikijikunja na kutikisika kana kwamba ngozi yenyewe ndiyo inayosema. Ametia sauti ya mama yake mzazi. Ametia pia sauti ya mtoto mdogo wa ukoo wake, ambaye aeleza bila kuficha kwamba angependa kuwa mweupe. Tena amemkumbuka mwanamke msusi wa utoto wake, aliyejichubua, na jinsi yeye mwenyewe alivyomhukumu mwanamke yule moyoni. Hapo ndipo penye uzito. Mwongozaji hakusimama juu ya mimbari. Alijiweka mwenyewe kizimbani pamoja na wengine, akageuza macho yake kutoka kwa msusi na kuyaelekeza kwenye matangazo, magazeti na televisheni, yaani kwenye vile vilivyomfundisha msusi yule kujichukia.

Hapana budi tumlinganishe na watu waliomtangulia. Mwanamuziki maarufu wa Nijeria, Fela Kuti, alitoa mwaka 1976 wimbo wenye jina lilo hilo la Yellow Fever. Fela alikuwa shujaa katika mambo mengi, lakini katika wimbo ule alimcheka na kumsuta mwanamke ajichubuaye. Ndugu Mukii alilichukua jina lile akaligeuza kuwa swali. Miaka 36 iliyo kati ya wimbo na senema haikuwatoa wanawake katika mkorogo kwa kuchekwa.

Lakini tusinyoshe kidole Nijeria ilhali nyumbani kwetu mna deni. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ilikuwa ipige vita nguo fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na mafuta ya kujichubua. Nia iliyotajwa ilikuwa kulinda heshima ya utamaduni wetu, nasi hatuwezi kuibeza nia hiyo. Lakini Dar es Salaam, hasa upande wa Kariakoo, makundi ya vijana yaliwavamia wanawake, hata waliokuwa wakisafiri katika mabasi, na kuwaaibisha hadharani. Kurasa za barua za magazeti zikajaa mabishano, na wanawake wengi wakauliza kwa nini heshima ya taifa ilindwe kwa kumvunjia heshima mama wa taifa. Lilikuwa swali la haki. Twalisema jambo hili katika gazeti la Chama kwa sababu Chama kisichoweza kutaja kosa lake hakitaweza kulisahihisha. Mafuta yale hayakuisha. Leo yauzwa kwa majina mengine, na mwandishi huyu, aliyezaliwa baada ya operesheni ile kupita, alikwenda Ifakara akairudia yeye peke yake chini ya mwembe.

Je, kwa nini fimbo ilishindwa? Jibu letu ni kwamba chuki ya rangi yetu haikupandwa kwa fimbo, basi haiwezi kung'olewa kwa fimbo. Ilipandwa kwa picha. Katika shule ya misheni niliyosoma mimi palikuwa na picha za mafundisho ya dini ukutani. Malaika wote walikuwa weupe. Aliyekuwa mweusi ni shetani peke yake. Walimu wetu walikuwa watu wema waliotufundisha kusoma, na sidhani kama hata mmoja wao aliwahi kutamka kwamba mweusi ni mbaya. Hawakuhitaji kutamka. Mtoto wa miaka 7 aliyekaa mbele ya ukuta ule mwaka mzima alikuwa amekwisha elewa. Nasi wa magazeti tusijitoe: katika miaka ya 1960, wakati bendera za uhuru zikiwa bado mpya, magazeti na majarida yaliyosomwa Afrika yalichapa matangazo ya mafuta ya kung'arisha ngozi, yenye picha ya msichana mweupe anayetabasamu, na fedha za matangazo hayo zikapokewa.

Hata senema zenyewe zilipoanza kutengenezwa katika nchi yetu hazikutengenezwa na sisi. Kati ya 1935 na 1937 ulifanyika Tanganyika, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa kutengeneza senema za kuwafundisha Waafrika. Walioongoza walikuwa Waingereza. Mwafrika alifundishwa kuweka akiba katika benki ya posta na kujikinga na safura. Mafunzo mengine yalikuwa ya maana. Lakini aliyeshika kamera alikuwa mwingine, na aliyetazamwa alikuwa sisi.

Ndugu Mukii amelieleza jambo hili kwa mfano ambao mtu wa Kilombero hawezi kuusahau. Asema kwamba picha nyingi walizopiga wageni juu ya watu wa Afrika zafanana na mnyama aliyeuawa, ngozi yake ikajazwa na kushonwa, akasimamishwa nyuma ya kioo ili aonekane kama yu hai. Nasi twaongeza kwa macho yetu: wazia yule swala aitwaye sheshe, ambaye bonde letu ni moja ya makazi yake makubwa. Ukimwona amejazwa majani, pembe zipo, ngozi ipo, macho ya kioo yapo, lakini sheshe hayupo. Ndugu Mukii afundisha kwamba katuni yaweza kufanya kinyume chake, kuirudishia uhai sura iliyokaushwa, kwa kuwa mchoraji hulazimika kuuwaza mwendo wa mtu yule tangu ndani. Huwezi kumchora mwanamke akiinua mkono mara ishirini usijiulize kwa nini anauinua.

Hakuishia katika habari za ngozi. Mwaka 2015 alitoa This Migrant Business, juu ya biashara ya kuwasafirisha wahamaji watokao Pembe ya Afrika, ambamo binadamu huhesabiwa kama bidhaa. Mwaka 2017 alitoa Nairobi Berries, ambayo hutazamwa kwa miwani ya kielektroniki imwezeshayo mtu kugeuza kichwa na kuona pande zote. Amefundisha pia kazi hii katika Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani. Na mwaka 2023 alikuwa mmoja wa waongozaji wa mkusanyiko wa senema fupi 10 za Afrika uitwao Kizazi Moto, uliotolewa na kampuni ya Disney kwa usimamizi wa studio ya Triggerfish ya Afrika Kusini. Yake yaitwa Enkai, jina la Mungu katika lugha ya Wamasai, nayo yahusu mungu mtoto na mama yake aliyeumba dunia ambayo binadamu wanaiharibu.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Mkusanyiko ule una jina la Kiswahili. Waongozaji wake wametoka nchi sita: Kenya, Uganda, Afrika Kusini, Zimbabwe, Nijeria na Misri. Tanzania haimo. Lugha tuliyoikuza, tuliyoitumia kuunganisha makabila zaidi ya mia na kuipeleka mbele ya Afrika nzima, imekwenda kwenye sherehe ile kama jina la kuandikwa mlangoni, nasi wenyewe tumebaki nje tukichungulia dirishani. Jambo hili halipaswi kutupa hasira juu ya majirani zetu, ambao wameipata nafasi yao kwa jasho. Latupasa kutupa haya juu ya nafsi zetu.

Wala hatuwezi kusema kwamba hatuna mafundi. Ubongo, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, limetengeneza katuni za Kiswahili za kuwafundisha watoto hesabu na sayansi, na vipindi vyake vimetazamwa katika nchi nyingi za Afrika. Mikono ipo, na Kiswahili kipo. Kinachokosekana ni sisi kuamini kwamba kuchora ni kazi, kwamba binti achoraye katika daftari la hesabu hapotezi wakati, na kwamba mambo ya watu wazima, kama mkorogo, ujira na uhamaji, yaweza kusemwa kwa katuni.

Atasema mtu: Je, tuwaachie basi wauza sumu? La, hasha. Mkorogo si suala la urembo peke yake. Zebaki iliyomo katika baadhi ya mafuta hayo huharibu figo na yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na haidrokwinoni itumiwayo muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi yasiyotoka. Sheria ya vipodozi tunayo tangu 2003, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango. Sheria hiyo ifanye kazi, tena kwa ukali, lakini ukali wake umwelekee aingizaye bidhaa kwa magendo na auzaye kwa jumla. Anunuaye kopo dogo kwa ujira wake wa siku, akitumaini kwamba wateja au wachumba watampenda zaidi, si mhalifu. Huyo ni mtu aliyeibiwa mara mbili: kwanza aliibiwa fahari yake, kisha akauziwa sumu badala yake.

Atasema mwingine kwamba mwanamke tunayemsifu amesoma ng'ambo na tuzo zake zimetoka ng'ambo, na kwamba senema yake ya mwisho tuliyoitaja iko katika duka la kampuni tajiri ya Marekani, ambalo mkata miwa wa Kidatu hawezi kulilipia kila mwezi. Hayo ni kweli, na ndiyo sababu twaandika. Maadamu hatujengi mahali petu pa kufundishia na pa kuonyeshea, kila Mukii atakayezaliwa Ifakara, Mang'ula au Mlimba itambidi aondoke kwao ili awe yeye, au abaki na penseli yake ikauke.

Basi twatoa shauri ambalo halihitaji mamilioni. Matawi ya Chama na ya vyama vya wafanyakazi katika bonde la Kilombero yaombe kwa wenyewe ruhusa ya kuionyesha Homa ya Manjano. Shuka jeupe lipatikane, na chombo cha kuonyeshea kikodiwe. Watu wakae jioni moja, wasusi wakialikwa kwanza, na baada ya dakika 7 za senema wanaume wanyamaze saa nzima wasikilize. Shule zetu nazo zirudishe somo la kuchora mahali pake. Watoto wachore walichokiona: Wandamba na mitumbwi yao wakati wa mafuriko, bibi anayesimulia habari za kivuko kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2018, baba arudiye kutoka zamu ya usiku kiwandani amejaa harufu ya sukari. Simu nyingi za kisasa zaweza kuzipiga picha hizo moja moja na kuziunganisha zikatembea. Dakika moja ya michoro 720, ikigawanywa kwa darasa la watoto 60, ni michoro 12 kwa kila mtoto. Hakuna mwalimu atakayeshindwa na hesabu hiyo.

Nami nimempigia simu mpwa wangu. Nilimwomba radhi kwa maneno niliyomwambia mbele ya wateja, na nikamjibu swali lake: kwamba aliyemfundisha ni picha, na kwamba miongoni mwa walioziacha picha hizo ukutani nimo mimi. Alikaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza senema hiyo ya Mkenya itaonyeshwa lini Ifakara, maana wako wenzake sita wa mkekani ambao wangependa kuiona, na mmoja wao hodari wa kuchora. Sikuwa na tarehe ya kumpa. Twawaomba viongozi wa matawi wa bonde la Kilombero wasomao ukurasa huu wampe.